Haki ya Kijana wa Pili

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Agosti, kabla mpira wenyewe haujachezwa hata mara moja mbele ya halaiki, huzuka katika miji ya vyuo vikuu vya Marekani mjadala ambao kwa ukali na kwa urefu haupitwi na mijadala ya uchaguzi: ni nani, kati ya vijana wawili au watatu waliomo kikosini, atakayepewa namba ya kwotabeki, na timu ya chuo ikiongozwa na kijana huyo itafika wapi ifikapo Januari. Columbus, Tuscaloosa, Austin, South Bend, kote huko kinyozi ana rai yake na mwenye kunyolewa ana yake, na baba na mwana waweza kula chakula cha Jumapili pasipo kusemezana kwa sababu mmoja amtaka mkongwe na mwingine amtaka chipukizi. Mimi ni mpenzi wa mchezo huu, wala siuonei haya mjadala huo, maana watu wasiohitilafiana juu ya timu yao ni watu wasioijali. Lakini naona kwamba namna unavyoendeshwa humdhulumu kijana mmoja kila mwaka bila kukosa, naye ni yule asiyechaguliwa, na kwamba dhuluma hiyo haiishii kwake bali huirudia timu yenyewe, aghalabu katika siku ile ambayo timu haina mwingine wa kumtegemea isipokuwa yeye.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, yafaa nieleze kidogo. Katika mpira wa Kimarekani watu 11 huwakabili watu 11, na upande ulio na mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ukifaulu hupewa manne mengine, ukishindwa huuachia upande wa pili. Karibu katika kila jaribio mpira hupita kwanza mikononi mwa kwotabeki, naye ana kama sekunde tatu tu, huku wanaume wenye miili mikubwa wakimjia mbio kwa nia ya kumbwaga chini, aamue kama atautupa mbali, atampa mwenzake aukimbize, au ataukimbiza mwenyewe. Nafasi hiyo ni kama ya mlinda mlango wetu, haigawanyiki. Mshambuliaji wa akiba hutaraji kuingia baada ya mapumziko, bali kwotabeki wa pili aweza kusugua benchi msimu mzima, na njia iliyo karibu zaidi ya kumwingiza uwanjani ni mwenzake kuumia, jambo ambalo kijana mwenye murua hawezi kulitamani wala hawezi kuacha kulifikiri.

Sasa hawa mashabiki huhukumu kwa ushahidi gani? Katika miezi ya Machi na Aprili timu huruhusiwa siku 15 za mazoezi, na mwishoni aghalabu hufanywa mechi ya wao kwa wao, ambayo maelfu ya watu huenda kuitazama na kurudi nyumbani wakiwa na yakini kamili. Lakini katika mechi hiyo kwotabeki huvaa jezi ya rangi ya pekee, ishara ya kwamba ni marufuku kumwangusha. Maana yake ni kwamba ile sifa moja inayombainisha kwotabeki na mtu yeyote mwenye mkono mzuri wa kutupa, yaani utulivu wa moyo wake anapojua kwamba mara tu autupapo mpira ataumizwa, haionekani kabisa siku ile. Fauka ya hayo, yule anayefanya mazoezi na kikosi cha pili hutupa mpira kwa wapokeaji wa daraja la pili, nyuma ya walinzi wa daraja la pili, kisha hulinganishwa na mwenzake kana kwamba mizani ni moja.

Liko jambo jingine lililofichika zaidi, nalo nalihesabu kuwa ndilo mzizi wa makosa yote. Yule aliyekwisha kucheza ana makosa yaliyoandikwa, yenye tarehe na mahali. Yule asiyecheza ana matarajio tu, na matarajio hayana aibu. Mpira uliopotezwa na wa kwanza umeonwa na watu laki moja, ilhali mpira ambao wa pili angeupoteza haujatupwa. Kwa hiyo kila timu ikishindwa, hata kama waliokosea ni walinzi, jina la asiyeonekana hupanda thamani, mpaka siku atakayoonekana naye. Na hapo jina la wa tatu, ambaye labda bado yuko shule ya sekondari, huanza kutajwa.

Hakuna mahali mambo haya yalipodhihirika kama Alabama. Jalen Hurts alifika Tuscaloosa mwaka 2016, kijana wa miaka 18 kutoka Channelview, Texas, ambako baba yake mwenyewe ndiye aliyekuwa kocha wake shuleni, na katika mwaka huo huo wa kwanza alipewa namba na kuifikisha timu kwenye fainali ya taifa. Katika fainali hiyo, iliyochezwa Tampa Januari 2017, zikiwa zimebaki dakika kama mbili aliukimbiza mpira yadi 30 hadi eneo la mwisho na kuiweka Alabama mbele kwa 31 kwa 28. Walinzi wakashindwa kuihifadhi tunu ile, Clemson ikafunga ikiwa imebaki sekunde moja, na mambo yakaisha 35 kwa 31. Katika mechi 28 alizozianza akiwa na jezi ya Alabama, timu ilishinda 26. Hata hivyo mwaka 2017 wote mashabiki wengi walikuwa wakinung'unika kwamba Hurts ni mkimbiaji na si mtupaji, na kwamba benchini ameketi kijana wa mkono wa kushoto kutoka Hawaii, mwenye asili ya Samoa, Tua Tagovailoa, ambaye mpira wake huruka kama unavyotakiwa kuruka.

Usiku wa tarehe 8 Januari 2018, jijini Atlanta, Alabama ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma ya Georgia kwa 13 kwa bila, na Hurts alikuwa amefaulu mara tatu tu katika majaribio manane ya kutupa. Kocha Nick Saban akamwingiza Tagovailoa, ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja ya chuo. Yaliyofuata yanasimuliwa mpaka leo, nami nitayataja kwa kituo kwa sababu katika sekunde chache za muda wa nyongeza yamo mambo yote mawili, ujinga wa chipukizi na kipaji chake. Georgia ilikuwa mbele kwa pointi tatu. Katika jaribio la kwanza Tagovailoa aliushikilia mpira kupita kiasi, akarudi nyuma na kurudi tena, akaangushwa na kuipotezea timu yake yadi 16, kosa ambalo mkongwe asingelifanya kwa sababu mkongwe angeutupa mpira nje na kuishi. Katika jaribio la pili aligeuza uso kulia, akamshika kwa macho mlinzi wa nyuma asitoke katikati ya uwanja, kisha akautupa kushoto, yadi 41, ukamwangukia DeVonta Smith kifuani hali amekwisha kuwapita walinzi, na ubingwa ukapatikana kwa 26 kwa 23. Hurts alikuwa pembeni mwa uwanja akimshangilia mwenzake.

Mashabiki waliomtaka Tagovailoa walitangaza kwamba wamethibitishiwa hoja yao, na kwa hakika walikuwa wamethibitishiwa; sitaki kuwanyima haki yao. Lakini wengi wao hawakuishia hapo. Kutokana na kweli moja, kwamba Tagovailoa ni mtupaji bora, walizua dhana ya pili, kwamba Hurts ni mzigo, na miezi iliyofuata ikaisha watu wakibishana atahamia chuo kipi na lini. Agosti ilipofika, Hurts alisema hadharani kwamba muda wote ule wa mazoezi hakuna mtu aliyemwuliza, makocha wakiwemo, yeye anajisikiaje na jambo hili analionaje. Nilipoyasoma maneno hayo yalinichoma kuliko takwimu yoyote ya msimu ule: kijana aliyeleta ushindi mara 26 hakupata mkubwa mmoja wa kuketi naye na kumwambia bayana hali yake ikoje, ilhali nchi nzima ilikuwa ikiyazungumza maisha yake.

Mwaka ule kanuni ilikuwa imebadilishwa, mchezaji aweza kucheza mpaka mechi nne bila kuhesabiwa kwamba ametumia mwaka mmoja kati ya miaka minne aliyopewa. Maana yake kwa kwotabeki aliyepoteza namba ilikuwa dhahiri: baada ya mechi ya nne, aondoke na mwaka wake mkononi, au aingie mechi ya tano na kuupoteza. Vijana wawili walifikia njia panda hiyo kwa wakati mmoja. Huko Clemson, Kelly Bryant, aliyeifikisha timu yake katika nusu fainali za taifa msimu uliotangulia, aliambiwa baada ya mechi nne, zote za ushindi, kwamba namba sasa ni ya chipukizi Trevor Lawrence. Akaondoka juma lile lile. Huko Tuscaloosa, Hurts alibaki. Jumamosi moja, tarehe 29 Septemba 2018, ikawaonyesha watu pande zote mbili za jambo hili. Hurts aliingia uwanjani katika mechi yake ya tano, na mashabiki wakamshangilia kwa nguvu, wakijua ametoa nini. Clemson siku hiyo ilipambana na Syracuse. Lawrence akaumia kabla ya mapumziko, Bryant hayupo, na timu iliyokuwa na makwotabeki wawili wa kupigiwa mfano siku chache tu zilizopita ikajikuta mikononi mwa Chase Brice, kijana ambaye hakuna shabiki aliyekuwa akilitaja jina lake katika mabishano ya Agosti. Brice aliiongoza timu yadi 94 katika dakika za mwisho na kushinda 27 kwa 23. Clemson haikupoteza mechi hata moja msimu ule na ikawa bingwa. Lau Brice angeteleza, hakuna ajuaye hatima ya timu ingekuwaje.

Tarehe 1 Desemba, katika uwanja ule ule wa Atlanta na dhidi ya Georgia ile ile, Tagovailoa aliumia kifundo cha mguu katika robo ya mwisho, Alabama ikiwa nyuma kwa 28 kwa 21. Hurts akaingia. Akautupa mpira kwa Jerry Jeudy na kusawazisha. Kisha, ikiwa imebaki dakika moja na sekunde nne, aliukimbiza yadi 15 mwenyewe na kuupata ushindi wa 35 kwa 28. Saban, mtu ambaye uso wake hauzoei kuonyesha kilicho moyoni, alishindwa kuuficha mtikisiko wa sauti yake alipomsifu kijana yule. Na kati ya mabao hayo mawili lilitokea jambo ambalo wengi wamelisahau: Georgia, badala ya kuupiga mpira mbali kama ilivyotarajiwa, ilijaribu hila kwa kumpa mpira kwotabeki wake wa akiba, chipukizi Justin Fields, hila ikashindwa, na kutoka hapo Hurts akaanza safari ya bao la ushindi. Kwa hiyo ubingwa wa kanda ya vyuo vya kusini mashariki, uliokuwa ukigombewa siku ile, uliamuliwa na vijana wawili ambao kwa hesabu ya mashabiki walikuwa ni masalio.

Sasa nawaomba wenye kudharau walioshindwa kugombea namba waitazame zawadi ya Heisman ya mwaka uliofuata, ile inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo vyote. Waliofika hatua ya mwisho mwaka 2019 walikuwa wanne. Mmoja alikuwa mlinzi. Watatu waliobaki walikuwa makwotabeki: Joe Burrow wa LSU, aliyeondoka Ohio State alipoona namba inakwenda kwa Dwayne Haskins, Jalen Hurts, ambaye sasa alikuwa Oklahoma, na Justin Fields, ambaye sasa alikuwa Ohio State. Burrow alichukua zawadi na ubingwa, Hurts akawa wa pili, Fields wa tatu. Kila mmoja wao alikuwa amewahi kuwekwa benchi na makocha wenye maarifa, na kila mmoja alikuwa amewahi kuhukumiwa na mashabiki wenye yakini. Hurts yule yule, aliyechaguliwa na timu ya kulipwa ya Philadelphia Eagles akiwa wa 53 katika mgawo wa wachezaji wa mwaka 2020, alitwaa Super Bowl, ubingwa wa ligi ya kulipwa, Februari 2025 na kutajwa kuwa mchezaji bora wa mechi hiyo.

Hayo hayamaanishi kwamba makocha wale walikosea. Saban alikuwa na haki ya kumpanga Tagovailoa, na mimi ningempanga. Kuchagua mmoja ni shurti la kazi, na wanaodhani kwamba dawa ni kugawana namba wautazame mwaka 1999 huko Michigan, ambapo Tom Brady alicheza robo ya kwanza na Drew Henson robo ya pili, kisha kocha akachagua wakati wa mapumziko. Utaratibu huo haukudumu hata msimu mzima. Wala wingi wa vipaji si kinga. Ohio State mwaka 2014 ilimpoteza Braxton Miller kabla ya msimu kuanza, ikampoteza J.T. Barrett katika mechi ya Michigan, ikabaki na Cardale Jones, wa tatu, naye katika mechi tatu alizozianza akaifunga Wisconsin 59 kwa bila, akaitoa Alabama, akaishinda Oregon na kuchukua ubingwa. Mwaka uliofuata wote watatu walirejea, Miller akahamishiwa nafasi nyingine, Jones akaanza, Barrett akampokea, mabishano ya mji mzima yakaingia mpaka ndani ya timu, na kikosi ambacho watu wengi walikihesabu kuwa kizuri kuliko cha mwaka uliopita kikapoteza mechi moja, dhidi ya Michigan State, na pamoja nayo ubingwa. Kilichokosekana mwaka 2015 hakikuwa ustadi wa mkono wala wepesi wa mguu. Ilikosekana kauli moja iliyo thabiti, ambayo kila mmoja wa vijana wale angeijua mapema na kuipanga nafsi yake kwayo.

Tangu mwaka 2021 mchezaji aweza kuhama chuo na kucheza pasipo kungoja mwaka mzima, na mwaka huo huo waliruhusiwa kupokea fedha kwa majina yao. Wako wanaolia kwamba subira imekufa, na kwamba kijana anayehama akikosa namba hana uaminifu. Sikubaliani nao hata kidogo. Lincoln Riley alihama Oklahoma kwenda USC mwishoni mwa mwaka 2021, na katika juma lile lile Brian Kelly aliiacha Notre Dame na kwenda LSU wakati timu yake ilikuwa bado na tarajio la kuingia katika nne bora. Hakuna aliyewaambia wakae benchi mwaka mmoja. Kijana wa miaka 20, mwenye miaka minne tu ya kuonekana katika umri wake wote, hawezi kudaiwa uaminifu ambao mtu mzima mwenye mkataba wa mamilioni hadaiwi. Maadamu mlango u wazi, kubaki kwa kijana wa pili hakuwezi tena kuwa amri, na wajibu umewaangukia wanaotaka abaki.

Wajibu huo nauona katika mambo yasiyo na gharama. Kocha na amweleze kijana uamuzi yeye mwenyewe, ana kwa ana, kabla waandishi hawajajua, na amwambie kwa sababu gani na afanye nini. Na asiuahirishe uamuzi alioufikia moyoni ili tu muda wa kuhama umpite aliyeshindwa, maana huo ni udanganyifu hata ukiitwa mbinu. Na shabiki, anapobishana kuwa fulani apewe namba, na aitetee hoja yake kwa sifa za huyo fulani, pasipo kumvunjia heshima mwenzake anayeishi mtaa mmoja naye, anayesoma darasa moja na binti yake, na ambaye huenda ikapita miezi mitatu akawa ndiye anayebeba matumaini yao wote.

Na siku hizi miezi hiyo imeongezeka. Tangu msimu wa 2024 mashindano ya ubingwa huingiza timu 12 badala ya nne, na timu mbili zilizofika fainali msimu huo zilicheza mechi 16 kila moja, idadi ambayo mwili wa kwotabeki mmoja hauwezi kuahidi kuimaliza salama. Katika nusu fainali ya Januari 2025, Riley Leonard wa Notre Dame alitolewa kabla ya mapumziko ili achunguzwe kichwa, na Steve Angeli akatoka benchi, akatupa mipira yake kwa utulivu mpaka timu ikafika umbali wa kupiga mpira na kupata pointi tatu. Notre Dame ilishinda mechi hiyo 27 kwa 24. Miezi mitatu baadaye, katika mazoezi ya Aprili, Angeli akigombea namba na vijana wawili ambao hawakuwa wameanza mechi hata moja, aliaga na kwenda Syracuse. Na mashabiki wa South Bend, mji wa Notre Dame, waliotumia majira yale yote wakibishana kama namba ni ya CJ Carr au ya Kenny Minchey, nadhani lililowapasa kuuliza kwanza ni kwa nini mtu aliyewaletea pointi zile tatu aliona kwamba pale hana tena la kungojea.